Kifua cha ukoo, moshi wa nani?

MWEZI uliopita nilikuwa Kigoma, nyumbani kwetu Bangwe, kwa shughuli ya posa. Binti wa dada yangu ameposwa na kijana wa Ujiji, kijana wa dini, mwenye kazi yake, na wazee wake ni watu tunaofahamiana nao miaka mingi. Mambo yalikwenda vizuri. Mahari ilishatajwa na kahawa ilishanywewa, ndipo mzee mmoja wa upande wa mwanamume akauliza kwa adabu kabisa: "Samahanini ndugu zangu, sisemi kwa ubaya. Hiki kikohozi cha bibi wa binti, ni maradhi ya ukoo?"

Bibi anayeulizwa ni mama yangu. Alikuwa chumba cha pili na kina mama wenzake, na wakati ule ule alikuwa anakohoa. Sote tulimsikia.

Mjomba wetu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, akajibu haraka: "Sheikh wangu, hayo ni ya Mwenyezi Mungu. Kila mja na alichoandikiwa." Watu wakaitikia, dua ikasomwa, wageni wakaaga na kusema watarudi kutupa jibu la siku. Lakini ukweli ni kwamba mzee yule hakujibiwa. Alifungwa mdomo kwa jina la qadar, akanyamaza kwa heshima.

Ndugu msomaji, swali lile limenikaa kifuani mpaka leo. Na kadiri ninavyolifikiri naona ndani yake mna swali jingine kubwa zaidi: ikiwa maradhi yana asili katika damu ya mtu, je, sisi wengine tunaondokewa na wajibu?

Kwa wasiopajua, Bangwe ni kata ya pwani ya Ziwa Tanganyika, ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Maisha yetu ni ziwa. Wavuvi hutoka usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri na za mwanga wa jua, kwa sababu dagaa na migebuka hufuata mwanga. Kwa hiyo siku za giza ndizo siku za kazi, na mbalamwezi ikikamilika mitumbwi hupumzika. Asubuhi samaki wakifika mwaloni, kazi ya wanaume imekwisha na kazi ya wanawake inaanza. Dagaa huanikwa juani. Migebuka, na hata dagaa wakati wa mvua, huingizwa kwenye moshi.

Mama yangu na mdogo wake, yaani mama yetu mdogo, wamebanika samaki katika banda moja kwa zaidi ya miaka 30. Banda la mabati, mlango mmoja, paa la chini kiasi kwamba ukisimama kichwa chako kiko ndani ya moshi. Karo yangu ya sekondari ilitoka katika banda lile. Sare zangu zilinuka moshi ule, nami niliona haya darasani. Leo naona haya kwamba niliona haya.

Sasa tazama jambo hili. Dada wawili, baba mmoja, mama mmoja, banda moja, kuni zile zile. Mama yangu hawezi kupanda kilima kidogo bila kusimama mara tatu. Mama mdogo anabeba beseni la samaki kichwani na anaongea huku akitembea. Kikohozi cha mama kilianza kwa kufuata mwezi: siku za giza, banda linapofuka usiku na mchana, kinazidi, mbalamwezi ikija, kinapungua. Baadaye kikaacha kupungua.

Mtaani maelezo yalipatikana haraka. Wa kwanza walisema ni kijicho. Wa pili walisema anavuta sigara kisirisiri. Wa tatu, ambao walijiona wana elimu zaidi, walisema ni ukoo. Tulipompeleka hospitali walianza kwa kumpima makohozi, jambo ambalo ni sahihi, maana kikohozi kinachozidi wiki mbili lazima kitafutwe kifua kikuu. Hakikuonekana. Ndipo mtaalamu mmoja akamwuliza kama anavuta sigara. Akasema hapana. Akamwuliza tena. Alipomwuliza mara ya tatu, mama, mwanamke wa swala tano asiyewahi kushika sigara maishani mwake, alilia.

Ilichukua muda mpaka akakutana na daktari aliyempulizisha kwenye kile kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, akatupa jina la maradhi: ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Si pumu, si kifua kikuu. Ni mapafu yaliyochakaa na njia zake kusinyaa, nayo hayarudi kama yalivyokuwa. Dawa za kuvuta hupunguza shida, na kukaa mbali na moshi huchelewesha kuharibika zaidi. Si maradhi madogo. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 yaliua watu milioni 3.5 duniani. Na hapa kwetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wa kijijini Tanzania wenye umri wa miaka 35 na zaidi ulikuta watu 17 hadi 18 katika kila 100 wanayo. Karibu wote walikuwa wakipikia kuni na mkaa.

Je, ni ukoo? Haki ya elimu ni kuipokea inakotoka, kwa hiyo tuseme inavyosema. Mwaka 1963 huko Malmö, Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waliwaeleza watu watano ambao damu yao ilikosa protini moja inayotengenezwa na ini. Watatu kati yao mapafu yalikuwa yameharibika. Kazi ya protini ile ni kulinda mapafu. Moshi ukiingia kifuani, askari wa mwili hukimbilia pale na kumwaga kemikali kali ya kupambana. Protini ile huizuia kemikali isile nyama ya mapafu yenyewe. Asiye nayo, askari wake humbomolea nyumba yake. Na kasoro hiyo hurithiwa.

Lakini kasoro ile inaeleza sehemu ndogo sana ya wagonjwa, na hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa wengine wote hali si ya kasoro moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitaja maeneo 82 katika vinasaba vya binadamu yanayohusiana na maradhi haya, kila moja likiongeza au kupunguza hatari kidogo tu. Mwingine, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kuna watu ambao kimaumbile njia zao za hewa ni nyembamba kuliko ukubwa wa mapafu yao, mithili ya jumba kubwa lenye ukumbi mwembamba, na watu hao huugua zaidi hata kama hawavuti sigara. Kila mtoto huchota nusu kwa baba na nusu kwa mama, na hakuna wawili wanaochota sawasawa isipokuwa pacha wa kufanana. Kwa hiyo dada wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana vifua kama wanavyotofautiana sura.

Hapa inafaa tutofautishe na selimundu, ambayo watu wengi wanaifahamu. Ile ni badiliko la kinasaba kimoja. Kipimo kipo, na wanaotaka kuoana wakipima wanajua la kufanya. Maradhi ya mama si hivyo. Hakuna kipimo cha damu cha kumwambia mzee wa Ujiji kwamba binti huyu atakohoa au hatakohoa. Na atakayesema damu ya kabila fulani ndiyo mbovu, aulizwe ushahidi wake. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 waliopimwa kwenye tafiti kubwa za vinasaba duniani, 81 walikuwa wa asili ya Ulaya na 3 tu wa asili ya Afrika. Vifua vyetu bado havijasomwa vya kutosha, achilia mbali kuhukumiwa.

Basi jibu la kielimu ni kwamba damu ina sehemu yake, na moshi una sehemu yake. Kinachobaki ni suala la maadili: tuifanyie nini elimu hii? Naona njia tatu ambazo watu huitumia vibaya.

Ya kwanza ni kuifanya aibu. Sisi Waislamu tuna kisa ambacho kingetutosha. Bedui mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akiwa na dukuduku juu ya mkewe, kwa kuwa amejifungua mtoto mweusi asiyefanana naye. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kuhusu ngamia wake, rangi zao ni zipi. Akasema ni wekundu. Akaulizwa kama miongoni mwao hayupo mwenye rangi ya majivu. Akakiri yupo. Akaulizwa rangi ile imetoka wapi, naye akasema pengine ni mzizi wa nasaba ulioivuta. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kwamba huenda mtoto wake naye amevutwa na mzizi. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Tukizingatie: habari za urithi zilitajwa pale kwa ajili ya kuondoa tuhuma juu ya mwanamke. Sisi leo tunazitaja kwa ajili ya kuileta. Mwanamke anakohoa, tunamtuhumu sigara. Tukikosa sigara, tunatuhumu ukoo wake mbele ya wachumba.

Njia ya pili ni kuifanya udhuru. Hii ni ya hatari zaidi kwa sababu huvaa kilemba cha elimu. Miaka ya 1950, ushahidi ulipoanza kuonyesha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa karne ile, Ronald Fisher wa Uingereza, alisimama kubisha. Alidai kwamba pengine asili ya mtu ndiyo inayomfanya avute sigara, na asili hiyo hiyo ndiyo inayomletea saratani. Sigara yenyewe haina kosa. Bwana huyo alikuwa pia mshauri wa kulipwa wa watengeneza tumbaku. Kila mwenye kuuza moshi hupenda kusikia kwamba tatizo ni kifua cha mvutaji.

Na sisi tunayo namna yetu ya kusema hayo hayo: "Ameandikiwa." Mjomba wangu hakusema uongo. Kila kitu kiko katika elimu ya Allah (s.w.). Lakini Umar bin Khattab (r.a.) alipofika Sargh, mpakani mwa Sham, akapewa habari za tauni, aliamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda (r.a.) akamhoji kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar alikiri kwamba anakimbia kutoka qadar ya Allah kwenda qadar ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: akichunga huku au kule, kote ni kwa qadar, lakini mchungaji mwenye akili anajua pa kupeleka ngamia wake. Sasa nani kati yetu amempeleka mama upande wa majani? Tulimwacha upande wa moshi miaka 30, kisha tukasema ameandikiwa.

Njia ya tatu ni kuwachuja watu. Kuna atakayesema: kama vifua vinatofautiana, basi siku kipimo kikipatikana tuwapime wanawake, wenye vifua dhaifu waondoke bandani, wenye vifua imara waendelee. Inaonekana ni busara. Jambo hili limeshapata mfano wake Marekani, katika viwanda vinavyotumia madini ya berili, ambayo vumbi lake huleta maradhi sugu ya mapafu kwa baadhi ya wafanyakazi. Mwaka 1993 wanasayansi waligundua aina ya kinasaba iliyopatikana kwa karibu wagonjwa wote, wagonjwa 97 katika kila 100. Lakini ilipatikana pia kwa takriban watu 30 katika kila 100 waliofanya kazi ile ile bila kuugua. Ukiwafukuza wote wenye nayo, unawanyima riziki wengi ambao wasingeugua. Na wachache wasio nayo bado wataumia. Mwaka 2008 sheria ya Marekani ikawakataza waajiri kuwabagua watu kwa vinasaba vyao. Mwaka 2017 serikali yao ikapunguza kiwango cha vumbi kinachoruhusiwa hewani mara kumi. Waliisafisha hewa, hawakuwachagua watu.

Na kwa nini hewa? Hapa ndipo moyo wa makala hii ulipo, na sina mfano ulio bora kuliko wa swala. Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa akiwaswalisha watu wa mtaa wake akisoma sura ndefu. Usiku mmoja mtu aliyechoka na kazi ya mchana kutwa, kazi ya kuteka maji kwa ngamia, alijitenga akaswali peke yake. Akaambiwa ni mnafiki. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliyekemewa ni imamu. Alikumbushwa kwamba nyuma yake wamo wazee, wanyonge na wenye haja. Imamu hakuambiwa awapange maamuma kwa nguvu zao, wala hakuambiwa awatoe wanyonge safuni. Aliambiwa apunguze kisomo chake, kwa sababu hajui nani yuko nyuma yake.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa tofauti ya vifua. Mtu akisema "mbona mama mdogo hakuugua," amekitoa kifua kikawe kipimo cha moshi. Kipimo cha moshi ni kifua dhaifu kuliko vyote bandani, na kifua hicho hatukijui ni cha nani. Huenda ni cha mtoto aliyefungwa mgongoni. Kutokujua huko ndiko kunakotuwajibisha. Kama wanadamu wote wangekuwa na vifua sawa, tungeweza kukadiria moshi wa kuvumilika. Kwa kuwa Muumba ametuumba tofauti, hatuna haki ya kukadiria kwa kifua cha mwenye nguvu. Na hata mwenye nguvu, tusijidanganye. Hatukumpima mama mdogo pumzi. Tunajua tu kwamba hajalalamika.

Watu watauliza: tufanye nini, wanawake waache kubanika wafe njaa? Hapana. Ziko njia zinazojulikana. Thiaroye, Senegal, kwa ushirikiano na FAO, lilibuniwa tanuri la kubanikia samaki ambalo linapunguza kuni na moshi unaomfikia mbanikaji. Serikali yetu nayo mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, lakini mkakati ule unazungumzia kupika, na mama zetu wana jiko la chakula na jiko la riziki. Jiko la riziki ndilo linalofuka usiku na mchana.

Tunaokula migebuka ya Kigoma mijini, Dar es Salaam mpaka Tabora, tunalipia samaki, nauli, ushuru na faida ya mchuuzi. Pumzi ya aliyembanika hatuilipii. Kanuni ya sheria yetu inakataza kudhuru na kudhuriana, nasi tunaisoma katika kesi za mipaka ya viwanja na maji ya kuoshea yanayomwagika kwa jirani. Nani aliyeisoma juu ya banda la samaki? Misikiti yetu ina kamati, ina michango, wengine wana wakfu. Tunaweka mazulia mapya. Tanuri moja lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, likawekwa wakfu kwa wanawake wa mwalo mmoja, ni sadaka inayoendelea kila siku ya giza ziwani.

Nilimwambia mama aache kabisa. Akanitazama, akanionyesha mjukuu wake wa darasa la sita, akaniuliza: "Na huyu karo yake itatoka wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu, maana mimi mwenyewe ni jibu la swali hilo hilo. Ndugu zangu nami tumeanza kuchangishana kwa ajili ya tanuri. Tumechelewa, lakini tumeanza.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Ujiji kwa yule mzee, nikakaa naye barazani, nikamjibu swali lake kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Na binti, naye anabanika?" Nikamwambia ndiyo, tangu ana miaka kumi na mbili anamsaidia bibi yake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi inshaallah akija kwetu, hatasimama kwenye moshi."

Nilifurahi na kumwombea dua. Lakini nilipofika kituo cha daladala nikamkumbuka mama mdogo na wale wanawake wengine wa mwalo wa Bangwe. Wao hakuna anayekuja kuwaposa. Nani atawauliza habari za moshi?

Wallahu a'lam.